Inchi Tatu za Paa: Kuisoma Mercury ya Hirohata

Chukua picha ya gari iliyopigwa kwa ubavu, ufunike taa na magurudumu kwa kiganja, ubaki na paa peke yake. Kwa magari mengi hutabakiwa na kitu cha kusoma. Kwa Mercury ya Bob Hirohata utabakiwa na karibu shairi zima: mstari unaoanzia juu ya kioo cha mbele, unakwenda kidogo kama unaosita, kisha unateremka polepole hadi mkiani pasipo kukatika. Mstari huo kiwanda hakikuuchora. Ulipatikana kwa kukata chuma mwaka 1952, katika gereji ya ndugu wawili, George na Sam Barris, mjini Lynwood, California.

Hirohata, kijana Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliwapelekea Mercury ya 1951 yenye milango miwili. Lilikuwa gari zuri la mtu wa kawaida, lenye mwili mnene na paa lililoinuka kama bakuli lililofunikwa. Mafundi walipunguza inchi 4 za paa upande wa mbele na inchi 7 upande wa nyuma. Katika maelezo mengi ya gari hili takwimu hizo hutajwa harakaharaka, kana kwamba ni vipimo tu. Mimi naziona kuwa ndiyo siri yake. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni inchi 3, sawa na upana wa vidole vinne, na ndani yake ndimo ulimo mwendo wote wa gari.

Kukata paa hakukuwa jambo jipya Lynwood. Sam Barris alikuwa amekwisha kuikata Mercury yake mwenyewe ya 1949. Lakini ukikata mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, umelifupisha gari tu: bakuli ni lile lile, limeshushwa. Ukikata zaidi nyuma, paa linapata upande linakoelekea. Jicho huingia mbele, hubebwa na mteremko, hutokea nyuma. Gari limeegeshwa, injini imezimwa, na bado umbo lake linakwenda.

Mteremko huo una gharama. Nguzo za paa husimama kwa kuinama. Ukizifupisha, ncha za juu hazikutani tena na ncha za chini. Fundi hulazimika kulipasua paa, kulivuta, kuunga bati la ziada, kukilaza kioo cha nyuma na kuvipunguza vioo vya pembeni. Mshairi aliyewahi kubadili neno moja la kina anaijua adha hii: badiliko la mshororo mmoja humrudisha kwenye ubeti mzima. Katika Mercury hii hakuna sehemu ya juu iliyosalimika na uamuzi wa zile inchi 3.

Nguzo ya katikati, ile inayotenga kioo cha mlango na kioo cha nyuma, waliiondoa kabisa. Katika gari la kiwandani dirisha la ubavuni husomeka kama mshororo wenye ukwapi na utao: kipande, pumziko, kipande. Akina Barris walilifuta pumziko. Vioo viwili vikawa uwazi mmoja mrefu uliozungushiwa kromu iliyopindwa kufuata paa. Pumzi moja inatosha kuusoma.

Ubavuni kumepita utepe wa kromu uliotoka kwenye Buick ya 1952. Unakwenda sawa, halafu unazama kuelekea gurudumu la nyuma. Utazame pamoja na paa. Mteremko wa juu umejibiwa na mteremko wa chini, na hicho ni kina, tena kina kilichowekwa mahali pake hasa, mwishoni mwa mstari. Utepe huo huo unatenga rangi mbili, kijani hafifu juu na kijani kizito chini, hata uzito wa gari ukaonekana kukaa karibu na ardhi. Aliyeuchagua alikuwa akitafuta mwangwi wa paa, na aliupata kwenye gari la kampuni nyingine.

Kukopa huko kumeenea mwili mzima. Taa za mbele zimezamishwa katika madigadi kwa kutumia rimu za taa za Ford ya 1952. Grili imeundwa kwa vipande vya Ford ya 1951. Taa za nyuma ni za Lincoln. Meno ya kromu kwenye matundu ya hewa ya ubavuni ni ya grili ya Chevrolet. Ford, Mercury na Lincoln walikuwa watoto wa nyumba moja. Buick na Chevrolet ni wa nyumba hasimu, General Motors. Kila nyumba ilikuwa imeyapanga magari yake kwa ngazi, la mwananchi chini na la tajiri juu, ili mnunuzi ajulikane cheo chake kwa mbali. Katika gereji ya Lynwood ngazi hizo zilivunjwa. Kipande cha gari rahisi kiliwekwa kando ya kipande cha gari ghali, na swali likabaki moja: je, mstari unakubali?

Msomaji wa mashairi yetu atakumbuka takhmisi. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akatanguliza mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoufanyia wimbo unaonasibishwa na Liyongo. Mercury hii nayo ni kazi iliyotungwa juu ya kazi, na sauti ya kwanza bado inasikika: milango mipana na mabega manene ya 1951 yapo. Mfano huo unafika kikomo mahali pamoja. Mwenye takhmisi haigusi mishororo aliyoikuta, ilhali fundi wa Lynwood aliikata, na kukata ndiko kulikompa nafasi ya kusema.

Penye mkato hubaki mshono, na mshono ulifichwa kwa risasi. Bati hupakwa madini ya kulehemia, risasi iliyochanganywa na bati jeupe hupashwa moto wa gesi mpaka ilainike kama nta, ikasukumwa kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta, kisha ikapigwa tupa. Moto ukizidi, yote huchuruzika sakafuni. Ukipungua, haishiki. Huo ni ustadi wa kiganja, na kilele chake ni kutoonekana: ukipitisha mkono juu ya paa usihisi mahali chuma kilipoachana na chuma.

Nina kasoro moja ya kutaja. Yale meno ya Chevrolet yanapiga kelele. Kila mahali pengine kromu inafuata mstari. Pale imesimama wima na kuukata, kama neno gumu ambalo mshairi alilipenda mno asiweze kuliacha. Ningeyatoa. Lakini nakiri kuwa yanatuonyesha furaha ya walioyaweka, na kazi isiyo na furaha ya fundi huwa baridi.

Gari lilionyeshwa katika maonyesho ya magari ya Motorama, Los Angeles, mwaka huo huo wa 1952, likabadilika mikono, likapakwa rangi nyingine. Mwaka 1959 kijana aitwaye Jim McNiel alilinunua kwa dola 500. Alikaa nalo kwa miongo mingi, na hatimaye akalikarabati. Hapo lilizuka swali ambalo kila mhariri wa miswada hukutana nalo: matini ya asili ni ipi? Kwa kawaida kukarabati gari la zamani ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, hadi rangi na skrubu. Kwa sheria hiyo, McNiel angalipaswa kuliinua paa, kurudisha nguzo, kung'oa utepe wa Buick. Angalipata Mercury sahihi ya 1951 na angaliipoteza Mercury ya Hirohata. Alilirudisha kwenye rangi na umbo la akina Barris. Kwa uamuzi huo alitangaza kwamba asili ya kitu inaweza kuanzia pale mkono wa mtu ulipofanya uamuzi usioweza kurudishwa nyuma.

Taifa lilikuja kumkubalia. Mwaka 2017 gari hili, lililokatwakatwa na kuungwa kwa vipande vya wengine, liliingizwa katika Daftari la Kitaifa la Magari ya Kihistoria la Marekani. Mwaka 2022 liliuzwa mnadani kwa takriban dola milioni 2. Bei hupanda na kushuka, nami siitegemei kama hoja. Ninachokitegemea ni kipimo. Karakana nyingine yoyote inaweza kununua Mercury ya 1951, tupa, gesi na risasi. Inapofika kwenye nguzo, fundi akiwa na chaki mkononi, itabidi aamue mbele akate ngapi na nyuma ngapi. McNiel aliulinda uamuzi huo kwa karibu miaka 60, inchi 3 ambazo kiwanda hakikuwahi kuzichora.