Mbolezi ya Majiko Yaliyozimika

Wenyeji wa mji wa Marekani wanapokutana baada ya miaka mingi, msibani au kwenye sikukuu ya familia, haichukui muda mmoja wao kutaja mgahawa uliofungwa. Wa pili humjibu kwa kutaja mwingine. Wa tatu husahihisha kona, wa nne huongeza sahani. Muda si muda mtaa mzima umesimamishwa upya kwa maneno. Mazungumzo hayo hudharauliwa kuwa ni soga za wazee. Mimi nayasoma kama tungo, tena tungo yenye kanuni zake, na naamini inastahili makini ile ile tunayoyapa mashairi. Nitaifuata katika miji mitatu: Louisville ya Kentucky, Columbus ya Ohio na Buffalo ya New York.

Msingi wake ni mstari wenye vipande vinne. Kwanza hutajwa pahali, kisha jina la mgahawa, kisha chakula, na mwisho kile kilichosimama hapo sasa. Kona fulani palikuwa na mgahawa fulani, tulikuwa tukila kitu fulani, leo ni duka la dawa. Pahali hutangulia kwa sababu msikilizaji lazima asimamishwe barabarani kwanza, ndipo aonyeshwe mlango. Jina hufuata, na hutamkwa bila maelezo, kana kwamba kila anayesikiliza alikuwepo. Chakula huwa kimoja. Mtu aliyekula mahali pale tangu utotoni huchagua sahani moja tu, na hapo ndipo sanaa yake inapoonekana. Kipande cha mwisho hakina kilio wala kivumishi. Kinatoa taarifa na kunyamaza, na mwenzake anaanza mstari mwingine.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa fani hii. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, umejengwa kwa tendo hilo hilo la kuwaita kwa majina waliokuwako na kulizungusha jicho ndani ya nyumba zao: taa zilizowaka, kumbi zilizojaa watu, kisha popo, na ndege waliojenga viota ndani ya zidaka. Lakini mshairi wa Pate anausemesha moyo wake, na kila uzuri anaoutaja ni hoja katika mawaidha juu ya hadaa ya ulimwengu. Mbolezi ya migahawa haina mawaidha. Inasema palikuwa pazuri, basi. Wapo watakaouona huo kuwa upungufu wa kina. Naona kinyume chake: anayeiomboleza kaunta ya chakula hana haja ya kuishusha dunia ili kuipenda, na ugumu wa kazi yake uko papo hapo, kwa kuwa hana mafundisho ya kuegemea endapo picha aliyoichora haitasimama yenyewe.

Mstari huo una viungo vya hiari. Kimoja ni bei. Buffalo palikuwa na migahawa iliyoitwa Deco, iliyoanzishwa na Gregory Deck mwaka 1918 na kufikia matawi kama 50 kabla ya kutoweka. Anayeikumbuka Deco huenda asitaje mwaka hata mmoja, ila atakuambia kikombe cha kahawa kilikuwa senti ngapi. Bei ndiyo kalenda ya tungo hii. Kiungo kingine ni gari. Migahawa ya kulia garini, ambako mhudumu alileta sinia na kulipachika kwenye dirisha la gari, hukumbukwa kwa mpangilio uliogeuzwa: gari hutajwa kwanza, na waliokuwa ndani yake, chakula baadaye. Watu wa Mombasa wataelewa upesi, maana pale Lighthouse familia nyingi zimekula mihogo na kunywa madafu ndani ya magari yaliyoelekezwa baharini, na ukiwauliza walikula nini wataanza kukuambia walikuwa na nani.

Columbus ndiko kipande cha pahali kilikokua hadi kikavimeza vingine vyote. Mwaka 1961, kwenye East Broad Street, ulifunguliwa mgahawa wa Kahiki. Paa lake liliinuka na kuchongoka mbele mfano wa omo la jahazi. Mlangoni zilisimama sanamu mbili kubwa za vichwa kama vile vya Kisiwa cha Pasaka, na utosini mwake mliwaka moto. Ndani, nyuma ya vioo, ilinyesha mvua ya kutengenezwa, pamoja na ngurumo. Palikuwa na kinywaji kilicholetwa mezani katika bakuli linalofuka moshi baada ya upatu kugongwa. Ulikuwa mgahawa wa watu mamia kadhaa, katikati ya Ohio, mbali na bahari yoyote.

Sikiliza namna unavyokumbukwa na utaona takriri: moto, mvua, upatu, moto, mvua, upatu. Chakula ni nadra kutajwa. Wahakiki wa usanifu wana haki ya kusema kwamba Polinesia ya Kahiki ilikuwa ya kubuniwa, mchanganyiko wa visiwa vilivyo mbalimbali vikafanywa pambo la Wamarekani. Ni kweli, na mtu wa Samoa au Hawaii ana neno lake la kusema hapo. Hata hivyo tungo ya kumbukumbu haidai kwamba visiwa vile vilikuwa vya kweli. Inadai kwamba mtoto aliyeletwa pale siku yake ya kuzaliwa, nje theluji, ndani ngurumo za joto, aliogopa kwa dhati na kufurahi kwa dhati. Takriri ile inafanya kazi ya upatu wenyewe: inatangaza kwamba kitu kinaletwa, na sikio linangoja.

Mwaka 1997 jengo liliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria. Watu wengi hudhani orodha hiyo ni ngao. Haimzuii mmiliki binafsi kuuza wala kubomoa. Mwaka 2000 Kahiki ilifungwa, ikabomolewa, na mahali pake likajengwa duka la dawa la Walgreens. Kwa hiyo mstari wa Columbus unatimia neno kwa neno, na duka la dawa ni kiishio kikali kuliko kiwanja kitupu. Kiwanja kitupu kingeacha nafasi ya kuwazia. Duka la dawa linafanana na kila duka la dawa nchini, na jengo ambalo halikufanana na kitu chochote mjini limepisha jengo linalofanana na yote. Jina lilibaki kwenye vyakula vilivyogandishwa, kwa kuwa Michael Tsao, mmiliki wa mwisho, alikuwa amekwisha kuanza biashara hiyo. Jina bila paa: katika mbolezi ya Columbus hilo halihesabiki kuwa ni kubaki.

Kwenye East Broad Street hiyo hiyo, karibu zaidi na katikati ya mji, Dave Thomas alifungua mgahawa wa kwanza wa Wendy's tarehe 15 Novemba 1969, na ukafungwa Machi 2007 ilhali maelfu ya matawi yake yanaendelea. Watu waliuomboleza nao. Chakula kile kile kinapatikana katika matawi mengine, na bado kuna aliyefiwa. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba kipande cha pahali kina uzito wake, mbali na sahani.

Louisville huomboleza kwa njia nyingine kabisa, kwa mapishi. Brown Hotel ilifunguliwa 1923, na mwaka 1926 mpishi wake Fred Schmidt alitandaza nyama ya bata mzinga juu ya mkate, akaumwagia mchuzi mzito wa jibini, akaweka bekoni na kuutia motoni hadi ukabubujika. Chakula hicho kikaitwa Hot Brown. Mwaka 1971 hoteli ilifungwa na jengo likawa ofisi za bodi ya elimu. Ilipofunguliwa tena 1985, sahani ilikuwa hai bado, imelelewa katika majiko ya watu wengine. Kifani, hili ni jambo kubwa. Maelekezo ya mapishi husemwa kwa kuamuru: tandaza, mwagia, oka. Hayana wakati uliopita, wala hayana kipande cha leo. Anayekumbuka kwa mapishi hukwepa kilio kwa sababu mdomo wake na mikono yake viko katika wakati uliopo, na kila mpishi ni mghani mpya wa tungo ile ile. Ndiyo maana, tofauti na Columbus, Louisville inalijua jina la mpishi. Inalijua pia la Jennie Benedict, aliyekuwa na ukumbi wa chai Fourth Street hadi 1925 na kuuachia mji jibini laini iliyochanganywa na maji ya tango na kitunguu, yenye tone la rangi ya kijani. Kitabu chake cha mapishi cha 1902 hakikuwa nayo. Ilipita mdomoni, kama mashairi yetu mengi. Na Mazzoni's, iliyokuwako tangu 1884 hadi 2008, imeacha chaza waliofinyangwa pamoja kwenye unga mzito na kukaangwa, mviringo mmoja ujazao kiganja.

Ila Louisville hiyo hiyo ina mstari ambao mapishi hayawezi kuujaza. Kwenye Fourth Street palikuwa na duka kubwa la Stewart's, ambalo ukumbi wake wa chakula, Orchid Room, hutajwa kwa mapenzi makubwa na waliopelekwa na bibi zao. Mwanzoni mwa 1961 wanafunzi weusi, wengi wao wa sekondari, walikwenda kwenye kumbi za chakula za Stewart's, Kaufman-Straus na nyinginezo katikati ya mji, wakaketi na kunyimwa huduma. Mamia walikamatwa katika miezi ile, na watu weusi wakayasusia maduka kwa kutonunua nguo mpya za Pasaka. Sheria ya jiji ya kukataza ubaguzi katika sehemu kama hizo ilipitishwa Mei 1963. Muhammad Ali, mtoto wa mji huo, alisimulia katika kitabu cha maisha yake cha 1975 kwamba alirudi kutoka Roma na dhahabu ya Olimpiki ya 1960, akanyimwa chakula mgahawani.

Uweke mstari huo mbele yako. Pahali papo. Kilichopo leo kipo. Kipande cha chakula ni kitupu. Hakuna harufu wala bei, kwa kuwa sahani haikuletwa. Nadhani huu ndio mstari wenye nguvu kuliko yote niliyoisoma katika fani hii, na nguvu yake inatoka kwenye umbo: sikio lililozoea kuletewa ladha katika kipande cha tatu linakutana na meza iliyofutwa na mtu aliyeketi. Mkusanyaji wa kumbukumbu anayeupanga mstari huu mbali na ile mingine, kwenye ukurasa wa siasa, anauharibu. Mahali pake ni baina ya chai ya Orchid Room na chaza wa Mazzoni's, mji ule ule, miaka ile ile.

Buffalo haiombolezi kwa jengo wala kwa mapishi. Huko wanasimulia, na usimulizi wenyewe umeamua nani akumbukwe. Baa ya Anchor, kwenye Main Street, bado iko wazi. Inasemekana kwamba mwaka 1964 Teressa Bellissimo alikaanga vipapatio vya kuku humo, akavichovya kwenye mchuzi wa pilipili na siagi. Mwandishi Calvin Trillin alipokifuatilia chakula hicho katika jarida la The New Yorker mwaka 1980, alikuta masimulizi mawili ndani ya familia moja. Kwa baba, vipapatio vililetwa kwa makosa badala ya shingo za kuku, naye akamsihi mkewe avitafutie matumizi yenye heshima zaidi. Kwa mwana, ilikuwa usiku wa Ijumaa, marafiki wana njaa, Wakatoliki wakingojea saa sita ya usiku ipite ili waweze kula nyama. Masimulizi hayo yanapingana, lakini ni ngano moja: usiku mmoja, mama mmoja, uhitaji, kitu kilichodharauliwa kinageuka kuwa cha thamani. Mabadiliko ya kisa hayaigusi mifupa yake. Tarehe 29 Julai 1977 jiji liliitangaza kuwa siku ya vipapatio.

Katika miaka ya 1960, upande wa mashariki wa mji, John Young, Mmarekani Mweusi, alikuwa na mgahawa wake kwenye Jefferson Avenue ulioitwa Wings 'n Things. Vipapatio vyake vilikuwa vizima, vimevikwa unga, na mchuzi wake aliuita mambo. Alimweleza Trillin kwamba yeye ndiye mwanzilishi, na kwamba wazo la kufanya biashara kwa vipapatio alilipata kwa bondia msafiri aliyemsimulia habari za mgahawa wa Washington. Aliondoka Buffalo karibu na 1970, na mgahawa ukafungwa.

Tazama simulizi lake lilivyoumbwa. Halina usiku wala dakika ya kuzaliwa. Lina mtu aliyesikia habari, akajaribu, akauza, akazoeleka. Biashara nyingi za chakula huzaliwa hivyo, na kwa sababu hiyo naliona la kuaminika. Lakini si ngano, na mji uliotaka ngano ulipita mbele yake. Tena mgahawa wake ndio uliokufa. Kwa kanuni ya mbolezi, ndio ulistahili kuitwa kwanza. Ubaguzi wa rangi na pande za mji una sehemu yake kubwa katika kusahauliwa kule, na fani ilisaidia: aliyekosa tukio alikosa kughaniwa. Miaka ya karibuni jina la Young limeanza kutajwa mjini, mara nyingi katika mstari wa vipande vinne. Pahali, jina, kipapatio kizima chenye unga, leo. Mstari huo hauhitaji muujiza, ndiyo maana unamfaa.

Upande wa magharibi wa Buffalo, Grant Street, lilikuwako soko la West Side Bazaar tangu 2011, ambako wakimbizi na wahamiaji, wakiwemo wapishi wa Burma na Ethiopia, waliuza chakula cha kwao. Moto uliliunguza Septemba 2022, na mwaka uliofuata likafunguliwa tena Niagara Street. Watakaoitunga mbolezi ya Grant Street hawatakuwa wateja peke yao. Wapishi wenyewe wapo, na kumbukumbu yao haitaanzia kona ya barabara. Itaanzia nyuma, penye majiko ya gesi, kwa saa ya kufika na uzito wa sufuria, na kipande cha pahali huenda kikatajwa mwisho.