Mosaic na Ritifaa ya Kiswahili
Kivinjari Mosaic, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1993, hakisimikwi katika kompyuta kongwe ya Windows 3.1 bila kutanguliwa na programu ya mawasiliano, mathalani Trumpet Winsock. Kurasa za leo zilizofungwa kwa usimbaji hakizifungui. Hata hivyo, matini ya Kiswahili iliyo kwenye diski husomeka kamili, maana herufi zake zote zimo katika alama 128 za ASCII; herufi ɛ na ɔ za Kilingala hazimo. Kasoro hutokea pale ritifaa inapopindwa na kuhifadhiwa kwa UTF-8: hugeuka alama tatu za ovyo, na neno «ng'ombe» huvurugika. Lawama si ya chombo. Ni ya mhariri aliyependelea pambo kuliko usomekaji.