Hisabu ya Mwendo Katika Mabonde ya Cogne

Cogne ni kijiji cha Kiitalia katika mkoa wa Aosta, kilichokaa katika kimo cha mita 1,534 juu ya bahari, na kusini yake majabali hupanda daraja kwa daraja hata yakaishia Gran Paradiso, mlima wa mita 4,061 ambao umeipa jina hifadhi ya taifa iliyo kongwe kupita zote nchini Italia, iliyoasisiwa mwaka 1922. Mgeni akifika hapo akakunjua ramani, huona njia nyingi zimechorwa kwa wino wa rangi moja, na aghalabu hudhani kwamba zote ni sawa na kwamba kazi iliyobaki ni kuchagua iliyo fupi. Muradi wa makala hii ni kuchambua jinsi siku moja ya matembezi inavyopangwa huko, kwa mfano wa mzunguko mmoja mashuhuri. Na hoja yangu ni kwamba mpangaji hana budi kujua kwanza njia ilijengwa kwa ajili ya miguu ya nani, ndipo aulize urefu wake.

Katika mwaka 1856 Mfalme Vittorio Emanuele II aliyafanya majabali hayo kuwa eneo lake la kuwindia, akiwahifadhi mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu zilizopinda, waliokuwa wamekwisha kutoweka karibu katika milima yote ya Alpi, ili yeye peke yake apate kuwaua. Mfalme alipenda kupanda farasi, na msafara wake ulikuwa na nyumbu wa mizigo. Kwa hiyo zikapigwa njia za zaidi ya kilomita 300, zikizunguka huku na huku juu ya mteremko kwa mwinuko ambao mnyama mwenye mzigo aweza kuustahimili bila ya kupumzishwa kila hatua, na mahali palipokuwa na utelezi au udongo mlegevu pakatandikwa mawe. Uwindaji ule umekwisha zamani, lakini njia zingaliko, na mtu wa leo anayepanda kwa raha mita mia kadhaa kwa saa hujisifu kwa nguvu za mapafu yake, hali sehemu kubwa ya sifa hiyo ni haki ya wahandisi wa mfalme.

Sasa tuingie katika mfano wenyewe. Kutoka Valnontey, kitongoji kilichoko kusini ya Cogne kwenye kimo cha kama mita 1,660, njia mojawapo ya kifalme hupanda upande wa magharibi wa bonde mpaka kibanda cha malazi kiitwacho Vittorio Sella, karibu mita 2,580, ambacho kilikuwa nyumba ya mfalme ya kuwindia. (Sella aliyekipa jina ni yule mpiga picha aliyefuatana na Mwana-mfalme wa Abruzzi katika milima ya Ruwenzori mwaka 1906, na kilele kimoja cha huko kina jina lake pia.) Kutoka kibandani, njia nyingine huambaa na ubavu wa mlima kuelekea kusini, ikapita kando ya ziwa dogo la Lauson, ikafika katika majumba ya Herbetet, zaidi kidogo ya mita 2,400, wanamokaa walinzi wa hifadhi, na kutoka hapo huteremka chini ya bonde, ikafuata mto kurudi Valnontey. Basi pana vipande vitatu, na kila kipande kina hisabu yake.

Kanuni za kukisia muda wa mwendo wa milimani ni nyingi, ila mbili ndizo zitumikazo sana. Ya kwanza ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo hutoa saa moja kwa kila maili tatu za masafa na kuongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ya pili ni ya Wajerumani: saa moja kwa kilomita nne za tambarare, saa moja kwa mita 300 za kupanda, saa moja kwa mita 500 za kushuka; kisha muda wa masafa hulinganishwa na muda wa kupanda na kushuka, ule ulio mkubwa huchukuliwa wote, na ulio mdogo huchukuliwa nusu yake. Tukizitia katika kipande cha kwanza, ambacho kina kama kilomita 5 na mwinuko wa mita 920, Naismith atatupa saa mbili na nusu, na Wajerumani watatupa saa tatu na dakika arubaini. Tofauti hiyo si ndogo, na kwa kuwa muda unaotajwa kwa kawaida kwa kipande hiki ni kiasi cha saa mbili na nusu, msomaji angeweza kuhukumu kwamba Mskoti ameshinda. Hukumu hiyo ni ya haraka. Naismith alimkadiria mtu mwepesi, mzoefu, asiyesimama kutazama wanyama wala kunywa maji. Na njia ya mfalme, kwa usawa wa mwinuko wake, humsaidia mtu huyo kuufikia ukomo wa nguvu zake. Kwa mgeni aliyelala jana katika mji wa tambarare, mimi ningeichukua hisabu ya Wajerumani, kisha nikafurahi nikifika mapema.

Lakini faida kubwa ya kipande cha kwanza ni kwamba chenyewe ni mizani. Mtu akitoka Valnontey akaandika saa aliyoondoka na saa aliyofika kibandani, amekwisha kujua mwendo wake halisi wa siku ile, pamoja na mzigo wake na usingizi alioukosa, wala hahitaji tena kanuni ya mtu mwingine. Akifika kwa muda usiozidi saa tatu, ana haki ya kuendelea. Akizidisha saa tatu na nusu, na anywe chai, atazame mbuzi-mwitu, arudi kwa njia aliyojia.

Kipande cha pili ndicho kinachowahadaa watu. Ramani huonyesha mwinuko mdogo, na kanuni zote mbili hutoa muda mfupi kwa kuwa hazijui ila masafa na kimo. Kumbe hapa njia pana ya nyumbu imekoma, na mahali fulani ujia hupita katika mwamba mwembamba wenye bonde chini yake, ikabidi kushika minyororo iliyopigwa ukutani. Waitalia huziainisha njia kwa herufi, na hii huwekwa katika EE, daraja ya watembezi wazoefu, juu ya E iliyo ya kila mtembezi. Kwa hiyo pasikisiwe chini ya saa mbili na nusu au tatu, na pasijaribiwe kabisa ikiwa mvua imelowesha mwamba au theluji ya masika haijayeyuka.

Kutokana na hayo hupatikana jibu la swali linaloulizwa mara nyingi, kwamba mzunguko uanzie wapi. Uanzie Sella, kwa sababu kibandani pana mtunzaji ambaye aweza kueleza hali ya minyororo na theluji, na habari hiyo humfikia mtu kabla hajajifunga. Anayeanzia Herbetet hukutana na mwamba bila ya kumuuliza mtu, kwani kule hakuuzwi chakula wala hakuna malazi ya wageni. Tena katika kiangazi radi na ngurumo hupenda kuja alasiri, na kwa mwelekeo huu mwenye kuondoka saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amekwisha kuachana na minyororo kufikia saa saba mchana, hata akienda polepole. Mteremko wa Sella hutazama mashariki, jua huupiga mapema, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi. Kipande cha tatu hushuka kiasi cha mita 770, magoti hulalamika, ila mwisho wake ni tambarare kando ya mto, mahali pafaapo kwa miguu iliyochoka.

Msomaji aliyezoea Kilimanjaro, ambako sheria humlazimisha mpandaji kufuatana na mwongozaji, na akumbuke kwamba hapa hakuna anayekulazimisha. Tadbiri yote ni yako. Majira mema ni Julai mpaka katikati ya Septemba. Na kabla ya kusafiri ulizia hali ya barabara ya kupanda Cogne, kwani ni moja tu, na mafuriko ya mwisho wa Juni 2024 yaliiharibu, kijiji kikatengwa kwa muda wa kama mwezi.

Kwa mwenye siku moja tu, uamuzi wangu ni kwenda Sella na kurudi, auache mwamba. Mzunguko mzima ni wa yule awezaye kulala kibandani: huwaona mbuzi-mwitu jioni na alfajiri, nyakati wanazotembea kwa sababu ya kulikimbia joto, na huanza kipande cha minyororo asubuhi mapema akiwa na nguvu kamili. Nafasi za kulala na ziombwe mapema, kwa kuwa mwezi wa Agosti hujaa.