Kuichagua Tindo Njema

Ateremkaye kilima cha Old Kampala, pale Kapteni Lugard alipojenga ngome yake Desemba 1890 na ambapo sasa umesimama msikiti mkuu wa taifa, hufikia soko la Kisekka na vipuri vyake vya magari. Na katika vipuri hivyo vyote, mhunzi hukitazama kwa tamaa kipande cha springi ya lori, madhali kina kaboni iliyozidi kidogo nusu ya asilimia, kadiri ya kutosha kukubali kugeuzwa tabia kwa moto, ilhali nondo ya kawaida, yenye kaboni haba, hata ikichovywa mara mia haishiki makali ya kudumu.

Mnunuzi wa tindo iliyofuliwa kwa springi asighurike na mng'aro, kwani msasa huwasitiri wema na waovu sawasawa. Achukue tupa, aipitishe kwenye makali. Ikiuma kwa wepesi, tindo ni laini. Ikiteleza kabisa pasipo kuacha alama, tindo ilizimishwa lakini haikurudishwa motoni, nayo huenda ikamomonyoka kwa mapigo ya awali. Itakiwayo ni ile ambayo tupa huikwaruza kwa shida.

Sababu yake ni hii: pua iliyotiwa moto hadi ikawa nyekundu na sumaku ikaacha kuivuta, yaani kupita nyuzi 770 za Selsiasi, kisha ikazamishwa ghafla katika mafuta, hupata ugumu mwingi lakini huvunjika kama kigae. (Wenye haraka huzamisha majini, na springi aghalabu hupasuka.) Ustadi hasa umo katika moto wa pili, ulio mpole, ambapo fundi husugua ubavu wa chombo na kungojea rangi zipande: manjano kwenye nyuzi 230 hivi, kisha kahawia, zambarau, na samawati karibu na 300. Tindo huachwa kwenye zambarau, patasi ya seremala kabla yake. Hata hivyo rangi peke yake si ushahidi, maana hutokea hata juu ya chuma laini.

Kama fundi anacho kipande kilichovunjika cha pua ileile, kiombe: chembe laini za kijivu ni dalili njema, chembe kubwa zimetazo hudhihirisha kwamba moto ulipita kiasi.

Mwisho kitazamwe kichwa kinachopigwa nyundo. Hapo tupa sharti iume, kwa kuwa kichwa kilichotiwa ugumu hurusha vibanzi machoni. Na fundi asiyejali hilo, mimi simnunulii hata msumari.