Heko kwa Mfunzi wa Mbwa wa Usiku

Katika milima ya Kusini mwa Marekani, wawindaji wa rakuni, mnyama wa porini apandaye miti, huwinda kwa masikio. Mbwa wakishafunguliwa hupotelea gizani, na habari zote huletwa na sauti zao. Mlio mrefu wa kuvuta: wameokota nyayo. Mbweko mfupi wa mfululizo, usiohama: rakuni kapanda mti, nao wanamlinda chini. Lakini sauti zikishika njia iliyonyooka, zikavuka kilima na kufifia, mwenye mbwa moyo humwingia baridi. Huyo ni kulungu.

Mbwa anayemfukuza kulungu badala ya rakuni watu humwita mkaidi, nami namwona anaitii damu yake. Amezalishwa vizazi na vizazi ili apende kufuata harufu, na mbio zenyewe ni ujira wake. Rakuni hupita majini na kuparamia miti, kwa hiyo harufu yake hukatika na kupoa. Kulungu ana tezi kati ya kwato zake. Kila akikanyaga huacha harufu, na akikimbia humwita mbwa amkimbilie. Mbwa mchanga aliyechoka kunusanusa ataipataje nguvu ya kukataa? Akitoka mmoja, kundi zima humfuata.

Tatizo ni la kale. Mbwa hawa wengi wana damu ya mbwa wa kuwinda mbweha wa Uingereza, ambako Peter Beckford, katika kitabu chake cha 1781, Thoughts on Hunting, alikwisha kushughulika na suala la kuwatuliza wasifukuze wanyama wasiotakiwa.

Kwa hilo namvulia kofia mfunzi. Hamu ya mbwa lazima ibaki hai, maana bila hamu hakuna uwindaji; anachofundisha ni kuchagua. Udongo uwahi ungali maji: mtoto wa mbwa hutolewa pamoja na mzee mtulivu, asiyegeuza shingo kulungu akipita. Kemeo humkuta angali juu ya harufu ya kulungu. Akichapwa baadaye, anaporejea ulimi nje, atajifunza kwamba kosa lake ni kurudi nyumbani. Sifa nazo humfikia papo hapo, chini ya mti wenye rakuni.

Hatimaye hufika usiku ambao mbwa hukutana na kulungu peke yake, mbali na kamba na sauti ya bwana wake, akampisha na kuendelea kutafuta rakuni. Uvumilivu wa kumfikisha hapo ni ualimu kamili, nao unastahili heshima tunayompa mwalimu yeyote.