Profesa Jay Nje ya Hard Blasters: Nani Anaitikia?

Mkazi wa Kahe aliyepanda kifodi hadi Moshi mjini mwaka 2001 kutafuta kaseti angeweza kurudi na mbili za kupambanisha: Funga Kazi ya kundi la Hard Blasters, iliyotoka mwaka 2000, na Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, iliyofuata mwaka mmoja baadaye. Jay ni yuleyule Nigga J aliyechana kundini pamoja na Fanani na Big Willy. Hata jikoni hapakubadilika sana: mtayarishaji P-Funk Majani wa Bongo Records aliupika wimbo wa kundi, Chemsha Bongo, akaja kuupika Ndiyo Mzee wa Jay. Basi tofauti tusiihangaikie kwenye mdundo. Ipo kwenye mgawanyo wa sauti.

Wachanaji watatu wana mtaji ambao mmoja hana. Sauti ikibadilika, sikio linapumzika. Ubeti wa pili unaweza kuubeza wa kwanza, na wa tatu ukaamua. Gharama yake ni kwamba kila mmoja anadai nafasi yake, na kisa kirefu hukatwakatwa. Chemsha Bongo ilishaonyesha kwamba nguvu ya Jay ni usimulizi: Kiswahili cha mtaani kinachoeleweka hata kwa mzazi, na mawaidha yanayokuja na kicheko. Msimulizi wa namna hiyo huhitaji ukumbi mzima.

Alipoupata, alikuwa na pengo la kuziba: wenzake hawapo, nani atamjibu? Ndiyo Mzee ndiyo jibu lake bora. Jay anavaa sauti ya mwanasiasa jukwaani, na nafasi ya wenzake inachukuliwa na umati. Ufundi wake ni rahisi kuueleza, mgumu kuutenda. Ahadi zinapanda ngazi: mabomba yatatoa maji na maziwa, wanafunzi wa sayansi watafanyia mazoezi mwezini. Jibu la umati halipandi wala halishuki, ni lilelile kila mara: ndiyo mzee. Kadiri ahadi inavyozidi kuwa ya ajabu, ndivyo jibu lile lisilobadilika linavyozidi kuchekesha, kisha kuumiza. Dhihaka inaanza kwa mgombea na kuishia kwa wapiga makofi. Angewapa Fanani na Big Willy kiitikio hicho kama wachanaji, kila mmoja angekuja na maoni yake. Umati huu unafaa kwa sababu hauna maoni.

Huko Kahe, tambarare ya joto chini ya mlima, ambako shamba huishi kwa mfereji na chemchemi kama ya Miwaleni, ahadi ya bomba si mzaha mtupu. Jay anaanzia kwenye shida ya kweli, halafu anaongeza maziwa. Asingeanza na maji, maziwa yasingechekesha.

Kuna kilichopotea. Ushindani wa koo tatu haupo tena, na albamu ya msimulizi mmoja huchosha pale kisa kinapolegea. Jay aliliona hilo. Katika Zali la Mentali, kwenye albamu ya Mapinduzi Halisi ya mwaka 2003, yeye anasimulia bahati ya kijana maskini aliyependwa na binti tajiri, na Juma Nature anaimba kiitikio. Hapo kazi imegawanywa tena, ila kwa masharti ya mwenye kisa. Albamu hiyohiyo ina Kikao cha Dharura, kinachorudi kwenye siasa za Ndiyo Mzee. Katika kundi, mada ya aina hiyo ingegawanywa kwa watatu. Kwa Jay inavuka kutoka albamu moja hadi nyingine.

Kwa hiyo wanaouliza kama Jay alilizidi kundi wanapima kwa mizani isiyofaa. Funga Kazi ina joto la watu wanaosukumana. Machozi Jasho na Damu ina mtu mmoja aliyejifunza kuwaumba watu wa kumsukuma, na kwa kuwa aliowaumba ni sisi wasikilizaji, uamuzi wa kuitikia au kunyamaza umebaki mikononi mwetu.