Mlembe Kwenye Kioo: Namna ya Kuitambua Katuni Nzuri ya Ndege

Ukitaka kujua kama mchoraji wa katuni anawapenda ndege kweli, mwambie amchore mlembe wa Yaeda Chini, kaskazini mwa Tanzania. Ndege huyu hana rangi ya kumbeba. Dume ana koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa waridi. Jike ni kahawia na kijivu tu, anapitwa mtini bila kutazamwa mara mbili. Utajiri wake wote uko kwenye mwendo na sauti. Anakuja karibu na mtu, anachakarisha sauti kama kiberiti kinachotikiswa, anarukia mti wa mbele huku mkia umefunguka na manyoya meupe ya pembeni yakionekana, anatua, anasubiri, anaita tena. Anawaongoza warina asali mpaka kwenye nyuki. Picha ya mnato haiwezi kumweleza ndege wa namna hii. Katuni inaweza, na kwa sababu hiyo mimi humtumia kama kipimo cha katuni nyingine zote za ndege na wanyama.

Anza na mabawa, bila sauti. Katuni nyingi huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hukaa fremu mbili, hivyo jicho linapata michoro 12 kwa sekunde. Sasa chukua ndege mdogo anayepiga mabawa mara 12 kwa sekunde. Kila pigo limebakiwa na mchoro mmoja, na mchoraji asiye makini atatuonyesha bawa lililo juu, kisha juu tena, kisha juu tena: ndege anaelea hewani amekauka. Fundi hubadilisha hesabu. Huongeza michoro pale inapohitajika, au huchora ukungu wa bawa badala ya bawa lenyewe, na mwili akauacha upande na kushuka kidogo kwa kila pigo. Tatizo hili lina umri mrefu kuliko sinema. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya kupiga picha 12 kwa sekunde, na ndege warukao walikuwa miongoni mwa viumbe aliotaka kuwaelewa.

Kwa ndege wakubwa kosa hugeuka. Tumbusi akishapanda juu hutandaza mabawa na kuzunguka kwenye hewa ya moto inayoinuka. Hapigi bawa ila kwa nadra. Katuni inayomfanya apige mabawa mfululizo imechorwa na mtu ambaye hajainua macho. Tazama na miguu. Kile tunachokiita goti la ndege, kinachojikunja kuelekea nyuma, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa juu, ndani ya manyoya. Heroe anayepiga goti mbele kama binadamu anaudhi, na heroe anayekula huku kichwa kimesimama wima anaudhi zaidi, kwa kuwa wale wa Ziwa Eyasi, jirani na Bonde la Yaeda, huchuja chakula majini mdomo ukiwa umepinduliwa juu chini.

Mtindo wa uchoraji haunipi shida. Katuni ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, imechukua madoa na rangi kali za michoro iliyoasisiwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuna kanga halisi mwenye rangi zile, lakini unamtambua kanga mara moja. Hiyo ni sifa kubwa. Udhaifu ninaouona uko kwingine: mfululizo ule una kipindi kizima cha ndege mvumaji, ambaye makazi yake ni bara la Amerika peke yake, wakati huku kwetu chozi yupo kwenye maua ya kila bustani akisubiri kusimuliwa. Hadithi ina ruhusa kamili ya kubuni sababu ya jambo, kwamba tumbusi amekuwa na upara kwa kosa fulani. Haina ruhusa ya kumhamisha ndege bara na kumwacha jirani nje. Na wanyama kusema si kosa hata kidogo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limewapa watoto wetu katuni ya Akili and Me, ambamo msichana Akili ana marafiki wanyama wanaozungumza, na watoto wanajifunza. Ninachouliza ni kama maneno ya mnyama yanatoka kwenye maisha yake. Mlembe akisema, aseme juu ya nta, chakula chake.

Baada ya hapo fumba macho usikilize. Hapa katuni nyingi huanguka, kwa kuwa sauti huchukuliwa popote ilipopatikana. Kwa mlembe uzembe huo una uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha mwito ambao Wahadzabe, warina asali wa Yaeda Chini, humwitia mlembe, nao ni filimbi ya kupandisha na kushusha, na mwito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji, ambao ni mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno. Milembe wa kwa Wahadzabe waliitikia filimbi ya nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Ndege mwenyewe anaitofautisha miito hii. Mhariri wa sauti naye aitofautishe. Mtoto aliyezoea filimbi ya filamu aweze kuitambua akiisikia porini.

Kuna jambo ninalolishikilia kuliko yote: filamu isimtakase ndege. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na kinda wake huanguliwa akiwa kipofu, mdomoni ana ndoano kali za kuwaulia makinda wa mwenye nyumba. Na Wahadzabe si lazima wamlipe. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mlembe huongeza kasi yao ya kupata nyuki kwa asilimia 560, na bado mara nyingi wao huficha, hufukia au huchoma nta iliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Kwingine Afrika husimuliwa kwamba anayemnyima ndege fungu lake siku nyingine ataongozwa kwa simba. Simulizi hiyo ni nzuri, lakini filamu inayodai kuwa ya Yaeda Chini huku mrina asali akiweka sega juu ya jani na kutabasamu imeazima urafiki wa watu wengine. Moto ule wa kuchoma nta uonekane. Mtoto anaweza kuustahimili, na atauliza maswali bora zaidi.

Vivyo hivyo kwa nyegere. Imani kwamba mlembe humwongoza nyegere imezagaa vitabuni. Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi uliowahoji warina asali wa nchi tisa za Afrika, na wengi waliitilia shaka. Miongoni mwa Wahadzabe, asilimia 61 walisema wameshuhudia. Mwandishi hodari atampa mzee aisimulie, kwa sauti yake, badala ya kuipa kamera iithibitishe.

Mandhari nayo ina ukweli wake. Bonde la Yaeda si uwanda wa nyasi wenye mgunga mmoja na jua linalozama. Ni mibuyu, migunga na vichaka vya miiba, mbuga inayojaa maji msimu wa mvua na kukauka kiangazi, ng'ombe wa Wadatoga wakipita, na miinuko ya Mbulu upande mmoja. Mbuyu wa asali una vigingi vilivyopigiliwa shinani kwa ajili ya kupandia. Watu wasichorwe kama mabaki ya zamani za kale: ni Watanzania wa leo, waliopata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011.

Filamu ikikamilika, waonyeshwe kwanza warina asali wa Yaeda Chini, sauti imezimwa, na waulizwe swali moja: nyuki wako mbali au karibu? Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba kadiri mlembe anavyokaribia nyuki ndivyo anavyofupisha mruko na kutua kwenye matawi ya chini zaidi. Wakijibu bila kubishana, katuni imepita. Wakibishana, rudini mezani mpime urefu wa matawi na muda wa kusubiri kabla ya kugusa kitu kingine chochote.